Alisema Tumbo Linauma

Kijana alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili, na jioni ile alicheza mpira mpaka giza likawatoa uwanjani. Ulikuwa mwezi wa sita, mpunga umeshavunwa, na baridi ya kipupwe imeanza kuingia ndani ya nyumba usiku. Alikula, akalala. Saa nane usiku maumivu yakamwamsha. Korodani ya kushoto ilikuwa inamuuma kwa namna ambayo hajawahi kuijua, maumivu yanapanda hadi chini ya kitovu, na kabla hajakaa sawa kitandani akatapika. Mama yake alisikia, akaja na tochi ya simu.

“Una nini, mwanangu?”

Kijana akakunja magoti, akavuta shuka hadi kifuani. “Tumbo linauma, mama.”

Kisa hiki nimekitunga, na kijana huyu nimemuumba mimi. Yanayompata, hata hivyo, huwapata watoto wa kweli kila mwaka, mijini na vijijini. Nimemweka Kasansa kwa sababu huko umbali hausamehe. Kasansa ni kata ya Mpimbwe, mkoani Katavi, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, jirani na mahali Katavi inapopakana na Rukwa. Anayekwenda Mpanda hupita vijiji vya Mpimbwe mpaka Kibaoni, akaingia msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akatokea Sitalike, ndipo aukaribie mji. Kiangazi safari hiyo inawezekana hata usiku, kwa mwenye gari. Masika ni habari nyingine.

Mama alimpa panado mbili na vidonge vya flajili vilivyobaki tangu mdogo wake aharishe. Hakukosea kwa aliyoambiwa: mtoto ana tumbo, anatapika, pengine amekula kitu kibaya. Alfajiri baba alimkuta bado amejikunja. Bibi aliitwa, akambonyeza tumbo, akasema hiyo ni ngiri, hata babu yao ilimsumbua ujanani, na dawa yake anaijua. Mzizi ukachimbwa, ukachemshwa, kijana akanywa kikombe kizima, akakitapika. Saa nne akanywa kingine.

Kuelekea saa saba mchana maumivu yakapungua. Nyumba nzima ikashusha pumzi. Bibi akasema si mliona? Baba akarudi kwenye shughuli zake za kupakia mpunga. Nitakuja kueleza kwa nini nafuu ile ilikuwa ndiyo habari mbaya kuliko zote za siku hiyo.

Aliyeokoa kilichobaki ni baba mdogo, aliyepita kusalimia saa nane. Aliona jinsi kijana anavyotembea kwenda chooni, miguu ameitanua, mkono mmoja kwenye kinena. Akamfuata nyuma ya nyumba, akamuuliza wakiwa wawili tu, “Ni tumbo kweli?” Kijana akaanza kulia. Alipofungua kaptula, mfuko wa korodani upande wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, na korodani yenyewe imepanda juu, ngumu, imelala upande. Baba mdogo hakuuliza la pili. Akapiga simu kwa kijana wa bodaboda.

Zahanati walifika saa tisa alasiri. Tabibu aliuliza swali ambalo kila mtaalamu huuliza kwanza, nalo ndilo linaloamua yote.

“Ilianza saa ngapi?”

“Saa nane.”

“Saa nane hii iliyopita sasa hivi?” Tabibu alishainuka, kwa sababu saa moja ni muda wa kutosha kufanya mengi.

“Hapana, daktari. Saa nane ya usiku.”

Tabibu alirudi kukaa. Zilikuwa zimepita saa 13.

Kilichompata kijana huyu kinaitwa korodani kujisokota. Kila korodani hutundikwa na kamba moja, na ndani ya kamba hiyo hupita mshipa unaoleta damu, mishipa inayoirudisha, mishipa ya fahamu na mrija wa kupitisha mbegu. Kwa wanaume wengi korodani imeshikizwa vizuri kwenye mfuko wake, haina nafasi ya kuzunguka. Wachache huzaliwa ikiwa inaning'inia huru, kama ndoo kwenye kamba ya kisima, na siku moja huzunguka, kamba ikajisokota. Hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18, wakati korodani zinakua haraka. Hutokea usingizini, kwenye baridi, baada ya michezo au baada ya kugongwa, na mara nyingi bila sababu yoyote ya kuonekana. Kamba ikishajisokota, damu haitoki wala haiingii. Korodani inaanza kufa.

Saa za kufa kwake zinajulikana vizuri. Ikinyooshwa ndani ya saa 6, karibu zote hupona. Zikifika 12, nusu hivi ndizo zinazookoka. Zikipita 24, ni bahati ya wachache sana. Na maumivu yanapopungua bila matibabu, kama yalivyopungua kwa kijana wetu mchana ule, mara nyingi ni kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imekufa. Haina tena cha kulalamika nacho. Dawa ya bibi haikufanya kitu. Ilipata sifa kwa kazi ya kifo.

Mpanda walifika saa mbili usiku, saa 18 tangu aamke. Daktari wa zamu hakungoja picha wala kipimo cha damu. Alimpeleka chumba cha upasuaji, akachana mfuko mahali padogo, akaitoa korodani nje. Ilikuwa nyeusi, imezungushwa mara moja na nusu kwenye kamba yake. Aliizungusha kinyume mpaka kamba ikanyooka, akaifunika kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akasubiri. Madaktari hufanya hivyo kuipa nafasi: ikiwa bado ina uhai, ndani ya dakika chache weusi huanza kupauka, rangi ya nyama ikarudi. Dakika kumi zilipita. Akafunua kitambaa, akatazama, akakifunika tena kwa dakika nyingine tano. Haikubadilika. Akaikata, akaitoa. Kisha akafungua upande wa kulia, akaishona korodani iliyo nzima kwa nyuzi tatu ili isizunguke kamwe, kwa sababu aliyezaliwa na kasoro hii upande mmoja kwa kawaida anayo pande zote mbili.

Zilikwenda wapi zile saa? Si nyingi zilizopotea barabarani. Kutoka zahanati hadi chumba cha upasuaji ilikuwa saa 5 na kidogo, tena kwa gari la kukodi lililotafutwa kwa simu. Saa 12 zilipotelea nyumbani, na zote zilitokana na neno moja. Kijana angemwambia mama yake ukweli saa nane usiku, na mama akajua maana yake, wangekuwa na mpaka saa mbili asubuhi. Simwoni kijana kuwa mjinga. Mvulana wa miaka 15 hawezi kumtajia mama yake korodani, si Kasansa, si Mpanda, si Dar es Salaam. Amelelewa hivyo, na malezi yale yana mema yake mengi. Lakini lazima awepo mtu mmoja ambaye anaweza kumwambia, na lazima awe ameambiwa kabla ya usiku huo kwamba maumivu ya ghafla ya korodani ni jambo la kuamsha watu.

Hapa nina neno na shule zetu, na nalisema kwa uchungu. Wavulana wetu hufundishwa UKIMWI, hufundishwa mimba za utotoni, na vizuri hivyo. Sijui kwa nini ni vigumu kuongeza dakika tano za kuwaambia kwamba korodani inaweza kujisokota na kwamba wana saa 6. Mwalimu wa michezo angeweza kulisema uwanjani, vijana wakiwa wamekaa kwenye nyasi wanakunywa maji. Hakuna kitabu kinachohitajika. Na mzazi wa kiume anaweza kulisema mara moja, akitazama pembeni kama anaona haya, na likabaki kichwani mwa mtoto maisha yote.

Kwa mama naye nina ombi. Mvulana akiamka usiku na maumivu ya chini ya tumbo na kutapika, muulize waziwazi kama kuna maumivu huko chini. Akikataa kujibu, mwite baba yake, kaka yake, mjomba, mtu yeyote wa kiume anayemwamini, aangalie. Hata watoa huduma huteleza hapa: kijana husema tumbo, tumbo hupimwa, suruali haifunguliwi. Mtoto wa kiume mwenye maumivu ya tumbo hajapimwa mpaka korodani zake zimeangaliwa.

Na tafadhali usimtafute bingwa usiku huo. Katika maradhi ya sehemu za uzazi za mwanaume, mengi yanamhitaji daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, ambaye kwa mtu wa Kasansa yuko mbali. Hili halimsubiri. Linamhitaji mtu yeyote aliyefundishwa upasuaji, mahali popote penye chumba cha upasuaji. Kituo cha afya kinachowafanyia akina mama upasuaji wa kujifungua kina visu, nyuzi na dawa ya usingizi vya kutosha kunyoosha korodani. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na madaktari wasaidizi waliofundishwa upasuaji wa dharura, na maelfu ya akina mama wako hai kwa mikono yao. Unapofika zahanati, muulize tabibu ni wapi karibu kuliko kote ambako upasuaji unafanyika usiku huu, uende huko. Kupewa barua ya kwenda kliniki ya bingwa siku ya Jumatano, kwa mtoto mwenye maumivu yaliyoanza leo, ni sawa na kuambiwa hapana.

Yako mengine machache ya aina hiyo, yanayohesabiwa kwa saa. Uume uliosimama na kukataa kulala kwa zaidi ya saa 4, hasa kwa mgonjwa wa selimundu au aliyemeza dawa za kuongeza nguvu. Ngozi ya mbele iliyorudishwa nyuma ikavimba na kukataa kurudi. Mkojo uliogoma kabisa huku kibofu kimejaa. Ngozi ya mfuko wa korodani inayobadilika kuwa nyeusi na kutoa harufu, pamoja na homa, hasa kwa mwenye kisukari. Yoyote kati ya hayo ni ya kuondoka nayo saa hiyo hiyo.

Kijana alikaa wodini siku chache. Daktari alimweleza mbele ya baba yake kwamba korodani moja nzima inatosha: ndevu zitaota, sauti itakuwa nzito, ataoa, atazaa. Ni kweli, na nairudia kwa sababu vijana wengi waliobaki na moja huishi na siri hiyo kwa hofu isiyo na msingi. Alimwambia pia kwamba aliyebaki na moja anailinda: akicheza mpira avae kinga, na maumivu yoyote ya upande uliobaki ni safari ya hospitali bila mjadala.

Baba alikuwa analala kwenye mkeka varandani. Usiku wa pili yule daktari, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, alimkuta anarudi kutoka chooni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Usiku huu nimekuona umetoka mara nne.”

“Uzee tu, daktari.”

“Una miaka mingapi?”

“58.”

“Mkojo unatoka wote?”

Mzee alitazama dirisha la wodi kwanza, kuona kama mwanawe amelala. “Unakatika. Nasimama pale, unatoka kidogo, unakoma, naanza tena. Nikirudi kulala nasikia bado upo.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka juzi, mavuno.”

Miaka miwili. Baba aliyemkemea mtoto kwa kuficha ugonjwa saa 12 alikuwa ameficha wake miaka miwili, na kwa sababu ile ile. Tezi dume iko chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo. Kwa wanaume huendelea kukua kadiri umri unavyosonga. Wakifika miaka 60, kwa karibu nusu yao tezi hiyo imeshaanza kukua kupita kawaida. Mara nyingi kukua huko si saratani. Kunabana njia tu, na dawa za kumeza huweza kumrudishia mtu usingizi wake kwa miaka mingi. Lakini dalili za tezi iliyokua na za tezi yenye saratani zinafanana, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba saratani ya tezi dume ikiwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Mwanaume anayesubiri aumwe ndipo aende, akiwa na saratani, huenda anaenda wakati imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania.

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete, akiwa na miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Aliporudi Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi huo aliwaambia wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani, kwamba iligunduliwa mapema, na akawahimiza wapime afya zao. Katika nchi ambayo maradhi ya viongozi kwa kawaida husemwa kwa minong'ono, rais aliye madarakani kusimama na kutaja tezi dume yake lilikuwa jambo kubwa, na ninaamini liliokoa watu. Waziri Mkuu wake wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mtu wa Kibaoni, kijiji kile kile ambacho gari la kutoka Kasansa kwenda Mpanda hupita. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba habari ile ilikuwa ya huko mbali.

Wapo watakaosema rais alikuwa na ndege na Baltimore. Upasuaji ndiyo, ulifanyika Baltimore. Kilichompa nafasi ya kupona ni kugundua mapema, na kugundua huanza kwa kipimo cha damu kinachoitwa PSA, kinachopatikana hospitali nyingi nchini, pamoja na daktari kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua ni hapo wengi wanapokataa. Kipimo hicho hakifikishi dakika moja. Wake zetu hupimwa kila ujauzito, hujifungua mbele ya watu wasiowajua, wakarudi nyumbani kupika. Sisi tunashindwa dakika moja. PSA ikiwa juu haina maana kwamba una saratani, kwa sababu maambukizi na kukua kwa kawaida pia huipandisha. Ina maana kwamba sasa ndipo bingwa anapohitajika. Kwa mtu wa Katavi rufaa hiyo kwa kawaida inaelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mabingwa wapo pia Bugando, Muhimbili, na KCMC Moshi, ambako urolojia imefundishwa kwa miaka mingi. Mwanaume mweusi yuko hatarini zaidi kuliko wengine, kwa hiyo mazungumzo na daktari kuhusu kipimo hiki yaanze miaka 45, na miaka 40 kwa ambaye baba au kaka yake ameugua.

Baba wa kijana alichukuliwa damu asubuhi iliyofuata. Majibu hayajaja wakati kisa hiki kinaisha kwake, na sitayatunga. Alichofanya cha maana ni kumwambia daktari jambo la pili bila kuulizwa: kwamba mara moja, wakati wa kupanda, aliona mkojo mwekundu, akadhani ni kichocho kwa kuwa anashinda kwenye majaruba, ukaisha wenyewe. Kichocho cha mkojo ni cha kufikiriwa kwanza kwa mkulima wa mpunga, na kinatibika kwa dawa ya praziquantel inayotolewa bure mashuleni. Lakini kwa mwanaume aliyepita miaka 40, damu kwenye mkojo, hata iwe mara moja, hata isipouma, ni lazima kibofu na figo viangaliwe. Kichocho cha miaka mingi chenyewe huandaa njia ya saratani ya kibofu. Damu iliyoisha haijajibu swali.

Anabaki baba mdogo, ambaye ndiye aliyeokoa kilichobaki, na ambaye mzigo wake sikuutaja. Ana miaka 34. Mke wa kwanza alimwacha baada ya miaka mitatu bila mtoto, ukoo ukisema mwanamke hana uzazi. Mwanamke yule ameolewa Inyonga na sasa ana watoto wawili. Mke wa pili ana miaka minne ndani ya nyumba na ameshapelekwa kwa waganga watatu. Baba mdogo mwenyewe hajapimwa popote. Akikosa usingizi hununua gulioni vumbi la Kongo, unga wa kuongeza nguvu za kiume, akidhani uzazi na nguvu ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote na asiwe na mbegu hata moja, na mwingine akawa hana nguvu na mbegu zake ni nzima. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Mwaka mmoja wa kukutana kawaida bila kinga na bila mimba unatosha kwenda hospitali, na mke akiwa amepita miaka 35, miezi sita. Waende wote wawili siku hiyo hiyo. Kwa mwanaume kuna mambo yanayotafutwa: mishipa iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, inayoonekana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote na kwa wengi zaidi kati ya wasiozaa, kisonono cha ujana kilichoziba mirija, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, korodani ambazo hazikushuka utotoni. Hilo la mwisho mama huweza kuligundua anapomwogesha mtoto. Korodani ambayo haijashuka mtoto akitimiza miezi sita haifai kusubiriwa, upasuaji wake ufanyike kabla ya miezi 18. Na yako mengine yanayotoka kwetu wenyewe: sindano za homoni za kiume, zinazopigwa ili kuongeza nguvu, huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Nguvu zinapopungua nazo, kwa mtu wa miaka 40 au 50, iambie zahanati ikupime sukari na presha kabla hujanunua kitu gulioni. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, huziba mapema. Wanaume wengi wangeujua ugonjwa wao wa moyo miaka kadhaa kabla haujawaangusha kama wangelitaja hilo kwa daktari badala ya kulitaja kwa muuza vumbi. Na unga ambao hujui una nini, ukiwa unatumia dawa za moyo, unaweza kushusha presha mpaka ukaanguka.

Sidhani kwamba wanaume wa Katavi ni wagumu kuliko wengine. Rukwa, Katavi ikiwa bado ndani yake, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochaguliwa kwanza kwa kampeni ya tohara ya hiari, na wanaume wazima, wenye wake na watoto, walipanga foleni. Walifuatwa karibu na makwao, wakaelezwa na wanaume wenzao, wakahudumiwa bila kuchekwa. Huduma ikija hivyo, aibu huwa ndogo sana.

Yule daktari wa zamu alimwandikia baba mdogo kipimo cha mbegu siku walipokuja kumchukua kijana. Akamweleza taratibu: akae siku mbili hadi saba bila tendo, zisizidi wala zisipungue, mbegu zitolewe kwenye kikopo cha maabara, zote, bila mate wala mafuta, na zifike kwenye darubini ndani ya saa moja. Kwa hiyo haiwezekani kuzitoa Kasansa na kumpa dereva wa basi. Itabidi alale Mpanda. Kipimo kikitoka kibaya kitarudiwa baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa ya malaria ya mwezi uliopita huweza kuziharibu kwa muda. Kikirudiwa na bado kibaya, ndipo barua ya bingwa iandikwe.

Baba mdogo aliuliza kama mkewe lazima ajue. Daktari alimwambia aje naye.